Daktari Mkuu Kwenye Foleni

Korido ya kusubiri katika jengo la zamani la hospitali imekuwa kimya. Si kwamba watu wamepungua. Mabenchi yanajaa tangu asubuhi, watoto wanalia, na muuguzi akijitokeza mlangoni kuita jina, shingo zote hugeuka kwa pamoja kana kwamba zimefungwa uzi mmoja. Kilichopotea ni kicheko. Ukutani, juu ya vichwa vya wagonjwa, imebaki misumari mitupu, na chini ya kila msumari kuna mstatili wa rangi iliyo safi kuliko ukuta mzima, mahali ambapo picha zilizuia vumbi na pumzi za watu kwa miaka mingi. Mgonjwa mgeni huitazama mistatili hiyo kidogo, asielewe, kisha hurudi kutazama viatu vyake.

Aliyekileta kicheko hicho, na ambaye kiliondoka naye, ni shangazi yangu. Hakuwa daktari wala muuguzi. Alikuwa fundi cherehani wa hospitali, na wagonjwa walimwita Mama Kiraka.

Chumba chake cha kushonea kilikuwa mwisho wa korido, baina ya stoo ya dawa na ngazi. Kilikuwa na dirisha moja linalotazama kamba za kuanikia nguo, cherehani mbili za miguu, moja ikiwa imekufa zamani na kugeuzwa meza ya pasi, na matenga ya shuka zilizochanika. Kila kitambaa cha hospitali kilipita mikononi mwake: shuka, foronya, aproni za wapishi, gauni za wagonjwa zenye kamba za kufungia nyuma. Wengi hudhani kutia kiraka ni kufunika tundu. Yeye alianza kwa kulipanua.

"Nguo ikishachakaa, pembezoni mwa tundu hapashiki uzi," alinieleza nilipokuwa mdogo, mkasi ukila kitambaa bila huruma. "Unakata mpaka ukute uzima. Ukiogopa kukata, unashona leo, kesho pamefumka."

Tundu dogo kama punje ya mahindi liliingia mkononi mwake likatoka na ukubwa wa sahani, mraba uliokatwa sawasawa, ndipo akaanza kutafuta kipande cha kulijazia. Nilikuwa nikimtazama kwa hofu. Yeye mwenyewe hakuwa mtu wa hofu enzi hizo. Alikata huku anaimba, akipiga soga na wapishi dirishani, na kama kiraka kimekaa upande alikibandua akacheka. Hofu ilikuja na ugonjwa wa mumewe.

Mumewe alikuwa dereva wa gari la wagonjwa, na hata baada ya kiharusi kumlaza upande wa kulia watu waliendelea kumwita Dereva. Kazi yake ilikwisha, lakini nyumba ilibaki kwa sababu ya kazi ya Shangazi: vyumba viwili katika safu ya nyumba za watumishi, nyuma ya hospitali. Mlangoni ndugu zake walimjengea mteremko wa saruji ili kiti chake cha magurudumu kipite. Kutoka pale hadi chumba cha mazoezi ya viungo ni mwendo wa kumsukuma mtu bila kutokwa jasho. Kila siku wakati wa chai Shangazi aliacha cherehani, akampeleka Dereva mazoezini, akarudi kazini, kisha akaenda kumchukua. Polepole mkono ule ukaanza kurudi. Ulianza kushika kikombe, ingawa nusu ya chai iliishia kifuani.

Kwa hiyo Shangazi alipoiwaza nyumba ile, hakuwaza paa tu. Aliwaza mkono wa mumewe. Mtumishi aliyeachishwa kazi alitolewa na kwenye nyumba ya hospitali, hilo kila mtu alilijua, na katika mji wote hapakuwa na chumba cha kupanga ambacho angekimudu na ambacho kingemweka Dereva karibu na mazoezi yale.

Mambo ya picha yalianza na mchwa.

Waliingia kupitia dari, wakashuka nyuma ya fremu za madaktari wakuu wa zamani, waliotundikwa koridoni kwa mpangilio wa miaka: wanaume wenye masharubu, wenye miwani ya duara, wenye medali, wote wakiitazama kamera kama mtu anayesubiri umwombe radhi. Zilikuwa picha kubwa zilizobandikwa kwenye kadi nene, na mchwa walizila bila kujali cheo. Mmoja alibaki hana shavu. Mwingine alipoteza mdomo pamoja na tai. Metroni, mkuu wa wauguzi, mwanamke mzito wa mwili na mwepesi wa amri, aliagiza zishushwe zote, zikarundikwa juu ya meza ya pasi.

"Mama Kiraka, zitengeneze hizi."

"Metroni, mimi ni wa shuka."

"Tundu ni tundu. Wakaguzi wanakuja, na sitaki kuona hata tundu moja ukutani kwangu."

"Sasa nitie nini? Sina kitambaa cha uso wa mtu mimi."

"Tia chochote! Kwani hao nani huwatazama?"

Shangazi alifanya alichokijua. Alikata mpaka akakuta uzima. Yule aliyekosa shavu alipoteza na sikio, na yule aliyekosa mdomo akapoteza kidevu chote. Kisha akawajazia kwa vilivyokuwapo chumbani: shavu la foronya yenye mistari, mdomo wa plasta, ndevu za pamba, kifungo cha koti mahali pa jicho. Alishona kwa mishono midogo, ya heshima kabisa, bila nia ya kumchekesha mtu. Nina hakika na hilo. Mishono ile ya mwanzo ilikuwa ya mtu anayetibu.

Wakaguzi walipita wakikagua sakafu. Hakuna aliyeinua macho.

Aliyeinua macho ni mtoto mmoja aliyelala mapajani mwa mama yake, mkono umevunjika, amelia mpaka sauti imemkauka. Alimwona yule wa shavu la foronya, akanyamaza ghafla.

"Mama, yule amelalia mto ukamganda."

Mama yake akacheka. Benchi lote likacheka. Hata mzee mmoja aliyekuwa amejishika tumbo alicheka huku analaani, kwa sababu kucheka kulimuuma. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni kwake, shuka begani. Alihisi joto likimpanda kifuani, kitu ambacho hakuwa amekihisi tangu siku Dereva alipoanguka, na palepale akaogopa, kwa kuwa alijua atalitaka tena.

Alilitaka tena. Matundu yalipokwisha, alianza kuongeza juu ya viraka. Karatasi za fedha za vidonge zikawa medali. Vipande vya filamu za eksirei vikawa miwani ya jua. Daktari mmoja aliyejaza kifua kama jogoo alivikwa kitambaa cha kunyonyeshea mtoto begani, kana kwamba ametoka kumcheulisha mwana. Wagonjwa nao wakaanza kumletea vitu.

"Mama Kiraka, huyu wa pembeni hana saa. Mpe hii yangu, imekufa muda mrefu."

"Huyo hahitaji saa, si ndiye aliyetuambia tuje asubuhi!"

Metroni alifoka mara moja. Kisha akagundua kwamba korido iliyokuwa ikigombana kila siku juu ya nani kamtangulia nani sasa inatulia bila kukemewa, akaamua kujifanya haoni.

Ilibaki picha moja nzima. Ilikuwa ya Daktari Mkuu aliyekaa madarakani muda mrefu kuliko wote, mwenye uso mrefu na macho yanayokutazama kama uliyechelewa. Mchwa walikula fremu yake wakamwacha mwenyewe, labda kwa woga. Hapakuwa na tundu, wala doa, wala sababu ya kumgusa. Shangazi alimpitapita kwa wiki nyingi, akimtupia jicho kila anapokwenda na anaporudi, kama mtu anayepita mbele ya duka akijua hana haja ya kununua. Alasiri moja ya mvua, korido ikiwa tupu, alimshusha.

Alimvika gauni la mgonjwa, la maua madogo ya buluu, lililotoka kwenye shuka iliyokwishatupwa. Alimshonea kamba shingoni. Alimtia mdomoni kijiti cha kukandamizia ulimi, plasta puani, na kwenye kifundo cha mkono utepe wa plastiki kama wanaofungwa wagonjwa wa kulazwa. Hakukata kitu safari hii. Alishona tu, sindano ikitoboa karatasi nzima kwa mlio mdogo, kama mtu anayetafuna punje kavu. Alipomaliza, Daktari Mkuu alikuwa mgonjwa, na macho yale yaliyowalaumu watu kwa kuchelewa sasa yalionekana kama macho ya mtu aliyechoka kusubiri.

Huyo alipendwa kupita wote. Walimwita Mwenzetu. Mtu akiingia koridoni alimsalimia kabla ya kutafuta pa kukaa.

"Mwenzetu, vipi, hujaitwa?"

"Ataitwaje, na kadi yake ameisahau nyumbani?"

"Mwacheni jamani. Alikuja jana, akaambiwa arudi leo."

Waliochoshwa na foleni walimtazama wakajua hawako peke yao. Waliokuja kusikia majibu ya vipimo walimtazama yeye ili wasiutazame mlango.

Mkurugenzi wa hospitali hakujua lolote. Ofisi yake iko jengo jipya, upande wa lango kuu. Korido ya zamani aliipita siku za mwanzo tu alipohamia, kabla ya mchwa, kamera mkononi, akapiga picha hiki na kile kwa ajili ya kumbukumbu zake. Shangazi alilijua hilo, na kwa muda lilimpa usingizi. Kisha likaanza kumnyima. Kila kiatu chenye mlio wa soli ngumu kikisikika kwenye ngazi, mguu wake uliganda juu ya kanyagio la cherehani.

Jumatano moja Metroni aliingia chumba cha kushonea na kadi ya mwaliko mkononi, akafunga mlango nyuma yake. Hakuwahi kuufunga mlango ule.

"Kaa," alisema.

"Nimekaa, Metroni."

"Basi shika meza."

Kwenye kadi ilikuwa sura ya Daktari Mkuu, safi, bila plasta wala kijiti. Wodi mpya ya watoto ingepewa jina lake. Binti yake, ambaye sasa ni bibi mwenye wajukuu, angekuja kukata utepe, na kabla ya hapo Mkurugenzi angempitisha korido ya zamani aione picha ya baba yake mahali ilipotundikwa siku zote.

"Lini?"

"Ijumaa."

"Ijumaa ipi?"

"Ijumaa ya kesho kutwa, Mama Kiraka. Unataka wakuletee nyingine?"

"Tuseme mchwa."

"Mchwa walishona gauni?" Metroni aliipunga kadi. "Picha hii Mkurugenzi aliipiga mwenyewe, anaiona kila siku mezani kwake. Ameniambia kwa mdomo wake, aikute ukutani inang'aa. Ifumue. Irudi ilivyokuwa."

Alijaribu. Aliilaza picha juu ya meza ya pasi, akachukua wembe, akaanza na kamba ya shingoni. Uzi ulitoka vizuri, utiifu, kama unavyotoka kwenye shuka. Lakini shuka hujifunga tundu la sindano ukiinyoosha, karatasi haijifungi. Ilikuwa ya zamani, kavu, na pale sindano ilipopita ilikuwa imegeuka mstari wa vitundu. Alipoivuta kamba kidogo tu, ukanda wa picha ulichanika kufuata mstari ule, kama stempu inavyochanwa kutoka kwa mwenzake. Alibaki na kipande kwenye ncha ya kidole. Kilikuwa shingo ya mtu.

Aliinyanyua picha dirishani, na nuru ikapenya kwenye kila alipowahi kuchoma: mabegani, mdomoni, puani, kuzunguka mkono. Akaona kuwa angeendelea, angeondoa gauni na daktari pamoja. Gauni ndilo sasa lililokuwa likimshikilia. Akatia uzi kwenye sindano, akairudisha shingo mahali pake, akaifunga tena kamba.

Alhamisi asubuhi Metroni alikuja na njia nyingine.

"Unamkumbuka yule mfagizi aliyestaafu, akahamia kwa wanawe? Tutasema ni yeye."

"Yule mzee? Alikuwa hata kifungo chake hawezi kukishona."

"Nani atamuuliza? Yuko mbali. Wewe utapoteza nyumba, mimi nitapoteza cheo. Yeye anapoteza nini?"

Shangazi hakujibu, na kwa Metroni, asiyejibu amekubali.

Alasiri ile nilipita kwao na mboga alizowatumia mama. Nilimkuta Shangazi akipiga deki sakafu ambayo bado ilikuwa na maji ya deki iliyotangulia. Dereva alikuwa kwenye kiti chake, ameinua miguu juu ya kigoda asiloweshwe.

"Anaosha... mpaka... saruji itoke," aliniambia. Tangu kiharusi, maneno yake huja mojamoja.

Shangazi alitueleza yote akiwa ametugeuzia mgongo, fagio la deki likienda na kurudi. Alipofika kwa mfagizi, alisimama.

"Hapotezi kitu," alisema. "Si ndiyo? Hayupo. Hapotezi kitu."

Dereva aligonga mkono wa kiti chake ili tumtazame.

"Semeni... ni mimi," alisema.

"Wewe?"

"Mimi... hawanifukuzi. Sina... kazi."

Akacheka kwa ule upande wa uso unaocheka. Shangazi naye akacheka, kisha kicheko kikamgeuka mdomoni, akainama kulikamua tambara ambalo halikuwa na maji. Alinisindikiza hadi mwisho wa mteremko. Pale, kwa sauti ya kuficha, akaniuliza kama kwetu mlango wa uani ni mpana kiasi gani. Nilielewa anapima kiti cha magurudumu. Nikamwambia sijui. Nilijua, ulikuwa mwembamba.

Ijumaa Shangazi alimpeleka Dereva mazoezini mapema kuliko kawaida, kama mtu anayewahi kutumia kitu kabla hakijachukuliwa. Alipofika koridoni alikuta Metroni ameifunika picha kwa shuka nyeupe iliyopigwa pasi.

"Nitamwambia ukuta umepakwa rangi, haijakauka," Metroni alimnong'oneza. "Wapite haraka, waende kwenye keki yao. Wewe simama na wenzako, fumba mdomo."

Watumishi walijipanga upande mmoja, wagonjwa kwenye mabenchi upande wa pili, wote wameambiwa wanyamaze. Shangazi alisimama kati ya mpishi na karani wa stoo. Mlio wa soli ngumu ukasikika kwenye ngazi, na kando yake mlio wa fimbo.

Mgeni alikuwa mwanamke mfupi, aliyenyooka, mkoba kwenye kiwiko. Uso ulikuwa mrefu. Shangazi aliutambua uso ule kabla hajaambiwa, kwa kuwa alikuwa ameushona.

Mkurugenzi aliiona shuka, akachanua.

"Aa! Metroni, kumbe mmeandaa na ufunuzi kabisa! Vizuri sana. Mama, karibu. Vuta pembe hiyo."

"Mkurugenzi, rangi ya ukuta..."

"Vuta tu, mama, usiogope."

Mgeni alivuta. Shuka ilishuka taratibu, ikanasa kwenye kile kijiti cha mdomoni, ikaning'inia pale kama leso, kisha ikaanguka.

Kutoka benchi la mwisho, mzee mmoja mwenye macho mabovu, aliyekuwa ameingia hivi punde kupimwa presha na hakusikia maagizo ya mtu, alipaza sauti:

"Mwenzetu! Mpaka leo hujaitwa?"

Kicheko kilipasuka. Kilizunguka mabenchi yote, kisha watu wakauona uso wa Mkurugenzi na kikafa hapohapo, kila mtu akimeza kipande chake.

Mgeni hakugeuka. Alifungua mkoba, akatoa miwani, akaivaa. Akasogea karibu. Akagusa pindo la gauni kwa kidole kimoja.

"Nani amefanya hivi?"

"Mama, tunaomba radhi sana," Metroni alisema, sauti imepanda. "Ni mfagizi mmoja. Ameshaondoka. Hatukuwahi..."

"Mfagizi."

"Ndiyo, mama."

"Alikuwa na chuki gani na baba yangu?"

Mpaka hapo Shangazi angeweza kunyamaza. Uongo ulikuwa umevishwa nguo na viatu, ulibaki kutembea tu. Lakini chuki hakuwa ameifikiria. Alikuwa amekaa na uso ule dirishani, ameujua kila mkunjo wake, na sasa mbele ya watu wote ulikuwa unasemwa kuwa uso uliochukiwa, na mzee mmoja aliyekuwa mbali, asiyejua lolote, ndiye anayebebeshwa chuki yenyewe. Mdomo ulifunguka kabla hajakata shauri.

"Hakuna chuki, mama. Ni mimi."

Metroni alifumba macho.

"Wewe nani?" Mkurugenzi aliuliza.

"Fundi cherehani."

Mgeni alimtazama kwa macho yale ya baba yake. Kisha alitembea polepole mbele ya picha nyingine, fimbo ikigonga, akazikagua moja baada ya nyingine: foronya, pamba, kifungo. Akarudi.

"Hizi naona zilikuwa zimeharibika, mkaziba. Ya baba ilikuwa na tundu?"

Hilo ndilo swali alilokuwa akiliogopa tangu Jumatano, bila kujua kuwa ndilo. Angeweza kusema ndiyo. Mchwa walikuwapo, kila mtu aliwajua, na Metroni asingembishia. Aliwaza mlango wa uani wa kwetu.

"Ilikuwa nzima, mama."

"Basi kwa nini?"

"Alikuwa akiwatazama kutoka juu," Shangazi alisema. "Wagonjwa. Wanakaa hapa kutwa na yeye anawatazama. Nikataka ashuke akae nao."

Mgeni aliigeukia picha. Aliposema, hakuwa akimwambia mtu maalumu.

"Alifia hapa, wodi ya juu. Gauni lake lilikuwa la maua, kama hili. Kamba nilimfunga mimi, mikono yake ilikuwa haifiki. Aliniambia nisiruhusu mtu amwone hivyo. Hata wadogo zangu niliwazuia mlangoni. Wanangu hawajui kama alivaa gauni."

"Nisamehe, mama," Shangazi alisema.

Yule mwanamke hakusema kwamba amesamehe. Aliomba picha ishushwe, ifungwe kwa shuka ileile. Mkurugenzi, uso umemshuka kwa aibu, alijiharakisha kuonyesha kwamba ana mamlaka.

"Mama, huyu anaondoka leo hii. Kazini, na kwenye nyumba ya hospitali pia."

"Kwa ajili ya baba yangu?"

"Kwa heshima yake, mama."

"Leo mmempa wodi, na leo hiyohiyo anatumiwa kumtoa mtu nyumbani kwake?" Alirudisha miwani mkobani, akaufunga. "Hapana. Mwondoeni kwenye picha, mwondoeni kwenye sindano. Lakini nyumba yake msije mkasema ni baba yangu aliyemnyang'anya."

Alikwenda kukata utepe. Picha ilibebwa na dereva wa gari lililomleta, imefungwa kama mtoto. Kama yule mama aliitundika, au aliichoma, au aliiweka uvunguni, hakuna anayejua katika familia yetu, na Shangazi hajawahi kuthubutu kuuliza. Nyingine zilishushwa alasiri ileile zikafungiwa stoo. Chumba cha kushonea kilitiwa kufuli. Metroni alibaki na cheo chake, na mpaka leo akikutana na Shangazi humsalimia akiwa amekwisha kumpita.

Kuhusu nyumba, Mkurugenzi alisema neno moja tu: "Tutaangalia." Neno hilo limehamia kwao. Linakaa nao mezani. Dereva anaendelea na mazoezi, anasukumwa na jirani siku ambazo Shangazi hapati nafasi, lakini viatu vikisimama karibu na mteremko wao, mazungumzo hukatika katikati mpaka viatu viondoke. Nimewahi kusimama pale mwenyewe, nikitafuta ufunguo wa baiskeli mfukoni, nikasikia nyumba nzima ikizuia pumzi.

Shangazi sasa yuko kwa dobi wa hospitali, jengo la nyuma, karibu na matangi ya maji ya moto, zamu ya asubuhi. Anapokea shuka mbichi, anazikamua, anazianika, anazikunja. Zilizochanika huziweka kwenye tenga la kando, na gari huja Jumatatu kuzipeleka kwa fundi wa mjini.